Sola bila kufilisika: anza na kalamu kabla uende Luthuli

Wengi wetu tukiskia sola tunakimbilia Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki hapa Nairobi, kuuliza bei, tunarudi ama tumekata tamaa ama tumebeba kitu hakitutoshi. Kaa chini kwanza na kalamu. Andika kila kitu unawasha, wati ngapi, saa ngapi, zidisha. Nyumba ya kawaida Kayole: balbu 4 za wati 5 kwa saa 5 ni 100, tivii ndogo ya wati 30 kwa saa 4 ni 120, simu tatu weka 30. Jumla wati-saa 250 kwa siku. Pasi na birika ya stima usiweke hapo kabisa, pasi peke yake inakula wati 1,000 na kuendelea, hiyo wachia stima ya tokeni.

Gawanya hiyo 250 kwa saa 4 za jua zuri (Julai na ile baridi yetu hata 4 ni bahati), unapata wati 63, ongeza ya kupotea njiani, nunua paneli ya wati 100. Betri ya asidi ya volti 12 usiitumie kupita nusu, watu wanaikausha kila usiku halafu ikikufa mapema wanalaumu sola, so 250 gawanya kwa 12 ni kama 21, mara mbili ni 42, chukua ya ampia-saa 50 (Ah). Lithiamu ni bei juu lakini unatumia mpaka asilimia 80, ya ampia-saa 30 inakutosha na inadumu zaidi. Mimi pesa ikiwa kidogo ningeanza na betri nzuri na balbu tu, tivii ingojee.

Sasa pale dukani ndio watu wanachapwa. Mimi niliuziwa paneli imeandikwa wati 200 kwa stika, nikafurahia bei, kufika nyumbani naona hata tivii inazima saa mbili usiku. Nikachukua futi ya fundi nguo nikapima: sentimita 80 kwa 50. Jua kali la saa sita linaleta kama wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba na paneli nzuri inashika karibu moja kwa tano ya hiyo, so yangu hata ikijitahidi ilikuwa 80 tu. Tangu siku hiyo natembea na futi. Wati 100 inataka karibu nusu mita ya mraba, ikiwa ndogo sana kuliko hapo weka chini utoke, hata kama muuzaji anakuita boss.

Malipo. Lipa pole pole kwa M-Pesa ndio imeingiza sola kwa nyumba nyingi, kampuni ya M-KOPA walianza kuuza hivyo 2012, na kama huna pesa mkononi inasaidia kweli. Lakini usiangalie ile ya kila siku peke yake. Tuseme unaanza na 3,000 halafu 50 kwa siku mwaka mzima: 18,250 ukiongeza ya mwanzo ni 21,250. Linganisha na bei ya kesh ya vitu hivyo hivyo, na uulize ukikosa kulipa wiki moja taa zinazima ama vipi. Kama mko na chama, watu kumi mnaweza kununua kwa mzunguko, kila mwezi mmoja anawekewa, na mkienda mkitaka paneli kumi hata bei inashuka.

Kikundi, kanisa ama nasari ya mtaa hesabu yao ni tofauti na hapa ndio naona pesa za wafadhili zikipotea. Kazi yao ni mchana! Kompyuta, feni, pampu ya maji, hizo zinaweza kuendeshwa jua likiwa juu, so msikubali kuuziwa betri kubwa ya usiku na jengo linafungwa saa kumi na moja. Pampu ijaze tanki mchana, tanki ndio betri yenu. Na kwa bajeti wekeni kidogo kila mwezi ya kubadilisha betri, mfadhili huja kukata utepe mara moja tu.

Fundi awe na leseni ya EPRA, ile mamlaka ya serikali ya kusimamia nishati, mwambie akuonyeshe. Mpangaji, ongea na landlodi kabla ya kutoboa mabati, na mkubaliane kwa maandishi kwamba ukihama unang'oa paneli yako. Ilaze imeinama kidogo tu, mvua ioshe vumbi, na bolti zikazwe vizuri juu huko, wezi wa paneli hawana kazi ingine usiku.