Namna ya Kuchambua Kipigo cha Timu ya Chuo Bila Kudanganywa na Sekunde ya Mwisho

Shabiki ambaye timu yake imefungwa huwa na haraka ya kutafuta mchawi. Usiku uleule hutaja jina moja na kurudia tukio moja, na kunapopambazuka ameshaamini kwamba msimu mzima ulizikwa katika tukio hilo. Katika futiboli ya Kimarekani inayochezwa na vyuo vikuu, kipigo kinachowapoteza wachambuzi kwa namna hii kuliko vyote ninavyovijua ni kile cha tarehe 30 Novemba 2013, Alabama, iliyokuwa namba 1 nchini Marekani, ilipofungwa 34 kwa 28 na mahasimu wao wa jimbo, Auburn, katika uwanja wa Jordan-Hare. Mimi ni shabiki wa Alabama, na mechi hiyo ndiyo iliyonifundisha kazi hii, kwa hiyo ndiyo nitakayoitumia kama mfano.

Matokeo yalikuwa 28 kwa 28 pale waamuzi walipopitia picha na kurudisha sekunde 1 kwenye saa. Alabama ikaamua kujaribu teke la yadi 57 la kupitisha mpira katikati ya milingoti. Mpira ukaishiwa nguvu njiani, Chris Davis wa Auburn akaudaka ndani kabisa ya eneo la mwisho, kisha akakimbia nao uwanja mzima hadi upande wa pili na kufunga pointi 6 za ushindi. Kila mtu anaikumbuka mbio hiyo, na kwa sababu hiyohiyo hupaswi kuanzia hapo.

Anza na karatasi. Orodhesha kila zamu ya timu yako kumiliki mpira, na mbele ya kila zamu andika mambo matatu: ilianzia yadi ipi, ilifika yadi ipi, na iliishaje. Kazi hii huchukua muda na haina raha yoyote kwa mtu aliyefungwa, lakini ukimaliza utaona jambo ambalo kumbukumbu ilikuficha. Katika karatasi yangu ya Alabama, zamu tatu zilifika mahali pa kupiga teke la pointi 3 zikaondoka mikono mitupu: mpiga mateke wetu Cade Foster alikosa kutoka yadi 44, akakosa tena kutoka yadi 33, kisha teke lake la tatu, la yadi 44 vilevile, likazuiwa. Zamu nyingine ilifika yadi ya 13 ya Auburn, yaani yadi 13 kabla ya eneo lao la mwisho, ikabaki yadi moja tu ya kupata haki ya kuendelea, na Alabama, badala ya kupiga teke, ikampa mpira mkimbiaji wake T.J. Yeldon akimbie nao. Akazuiwa.

Ukishapata mistari hiyo, usiishie kuijumlisha. Kusema kwamba mateke matatu ni pointi 9, na kwa kuwa tulifungwa kwa tofauti ya pointi 6 basi tungeshinda kwa 3, ni hesabu ya muuza nyanya, kwa sababu kila pointi inayopatikana hubadilisha maamuzi yote yanayofuata ya timu zote mbili. Tafuta badala yake kosa lililozaa kosa. Chukua lile teke la yadi 33. Kabla yake Foster alikuwa amelipitisha sawasawa la yadi 28, lakini mwenzake alisogea mapema, teke likafutwa na timu ikarudishwa yadi 5. Aliporudia, akakosa. Baadaye, Alabama ikiongoza 28 kwa 21 na ikiwa yadi ya 13, teke jepesi la takribani yadi 30 lingeifikisha 31 kwa 21, na Auburn ingelazimika kufunga mara mbili ndani ya dakika chache. Ni vigumu kuamini kwamba kocha Nick Saban angelikataa teke hilo kama yale ya awali yangeingia. Kwa maoni yangu mechi ilipotea hapo, wala si kwa Yeldon kukosa nguvu.

Fanya vivyo hivyo kwa safu ya ulinzi, na uwe tayari kukubali kwamba wapinzani nao walikuja kucheza. Auburn ilikimbia na mpira jumla ya yadi 296, na Tre Mason peke yake alipata 164. Sasa tazama upya tachidauni (kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) ya kusawazisha, sekunde 32 kabla ya mwisho. Nick Marshall, mrusha pasi wa Auburn, anaelekea pembeni kana kwamba atakimbia mwenyewe, beki wa Alabama anapanda kumkabili, na nyuma ya beki huyo Sammie Coates wa Auburn anabaki peke yake kabisa, akipokea pasi inayokwenda yadi 39. Shabiki mwenye hasira atasema beki alilala. Karatasi inasema beki huyo alikuwa ameshinda jioni nzima akiona watu wakimpita kwa miguu, na alifanya alichofundishwa na mechi yenyewe.

Andika pia yaliyofanikiwa, hata kama moyo hautaki. AJ McCarron, mrusha pasi wetu, alimpa Amari Cooper pasi iliyozaa tachidauni ya yadi 99 katika robo ya nne. Anayeisahau huishia kulaumu mashambulizi ambayo kwa kweli yalikuwa mazuri.

Kuhusu majina, taja tendo na uache utu wa mtu. Hawa ni wanafunzi, na mwaka ule hawakuwa wakilipwa mshahara. Foster alitumiwa vitisho vya kuuawa mitandaoni. Aliyemwandikia barua ya kumtia moyo ni rais mstaafu George W. Bush, rais wa 43, namba ileile iliyokuwa kwenye jezi yake.

Kabla ya kufunga uchambuzi, subiri mechi inayofuata. Alabama ilifungwa tena, 45 kwa 31, na Oklahoma kwenye Sugar Bowl, mechi ya kufunga msimu, mnamo Januari 2014, na safari hii mateke hayakuwa hoja. Ulinzi ndio uliozidiwa na timu inayocheza kwa kasi. Mimi nilirudi kwenye karatasi yangu nikapigia mstari zile yadi 296.

Ndipo sasa uitazame ile sekunde 1. Simamisha picha Davis anapoanza kukimbia, kisha hesabu jezi za Alabama zenye namba kati ya 50 na 79. Hao ni watu wa miraba minne waliowekwa pale kumlinda mpigaji, na waliozoea kufukuza na kuangusha mtu anayekimbia ni wachache mno. Teke kuishia njiani lilikuwa jambo la kutarajiwa kutoka yadi 57. Swali la kumuuliza kocha ni nani aliyepangwa kumkimbiza atakayelidaka.