SOMO: Namna ya kusoma na kueleza makoloni ya bakteria kwenye agari

Wakuu, inboksi yangu imejaa picha za sahani za petri (visahani vyenye agari, jeli ya kuoteshea bakteria; kila kirundo kinachoota juu yake ndicho koloni) na swali lile lile: "Hii ni bakteria gani?" Naandika mara moja, mkiniuliza tena nawatumia huku.

1. Andika jina, tarehe na aina ya agari kwenye kitako cha sahani. Vifuniko hubadilishana.

2. Choma kitanzi (waya wa kuchotea bakteria) hadi kiwe chekundu, kiache kipoe, ndipo uchote bakteria na kuchora mistari juu ya agari kwa awamu nne.

3. Pindua sahani, kifuniko kiwe chini, weka kwenye inkubeta (kabati la joto) nyuzi 35 hadi 37, saa 18 hadi 24.

Hapo kwenye kupindua ndipo nilipoaibika. Mwaka wa kwanza niliziacha kifuniko juu. Mvuke ukawa matone, matone yakadondokea agari, makoloni yakasombwa na kuungana. Nami nikaandika kwa mbwembwe "ukuaji umetambaa sahani nzima", nikijua nimepata Proteus, bakteria anayetambaa hivyo. Mwalimu akainamisha sahani, maji yakachuruzika, darasa zima likacheka. Ukiona maji juu ya agari usieleze chochote, rudia kazi. Na usipindue kabla agari haijaganda, utaikuta kwenye kifuniko.

4. Chagua koloni lililojitenga. Andika kipenyo kwa milimita (rula ipitishe chini ya kitako), umbo, ukingo, mwinuko ukilitazama kwa ubavu, rangi, mng'ao, na kama mwanga unapenya. "Dogo jeupe" si maelezo. Usinuse.

5. Ukimaliza, sahani zote kwenye otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo), nyuzi 121, dakika 15.

Swali: Mkuu, yangu ya pinki, ni E. coli eeh?

Jibu: Agari gani? Saa ngapi? Soma namba 4.

Swali: Ni MacConkey. Ila nijibu tu, ripoti ni kesho.

Jibu: Klebsiella nayo huwa pinki. Andika ulichokiona, jina litakuja na vipimo vingine.

Swali: Samahani mwalimu, kwa nini nyingine zinabaki bila rangi?

Jibu: Swali zuri. Ndani ya MacConkey kuna laktosi (sukari ya maziwa) na kionyeshi cha asidi. Bakteria anayechachusha laktosi hutoa asidi, koloni likawa pinki. Salmonella na Shigella kwa kawaida hawaichachushi ndani ya siku moja, basi hubaki hivyo hivyo. Chumvi za nyongo na rangi ya kristali vayoleti huwazuia wengi wa Gramu chanya (bakteria wanaoshika zambarau kwenye kipimo cha Gramu).

Swali: Agari si hutokana na mwani? Huu wetu wa Zanzibar haufai?

Jibu: Ni mwani kweli, lakini wa jamii ya Gelidium na Gracilaria. Unaolimwa Zanzibar hutoa karajinani, jeli ya aina nyingine.

Swali: Na jelatini ya dukani je?

Jibu: Kwenye nyuzi 37 inayeyuka. Ndilo lililowasumbua kina Robert Koch, mtafiti wa bakteria, mpaka Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, aliyeizoea agari jikoni kwake, akaipendekeza mwaka 1881.

Mchangiaji: Nyongeza: agari ya damu (iliyochanganywa damu) inyanyueni mbele ya taa, duara angavu kuzunguka koloni, pale bakteria walipovunja damu, litaonekana vizuri.

Jibu: Asante mkuu, hiyo nilisahau.