Krismasi ya ugenini: jua mlango unafungwa siku gani

Kila Novemba simu yangu huanza kuita. Safari hii alikuwa binti ya kaka yangu, yuko Gikomba akitafuta koti la baridi, siku chache kabla ya kupanda ndege kwenda Ujerumani. "Shangazi, koti nimepata. Sasa Krismasi nitakula na nani?" Nilizima jiko, nikaketi, nikamweleza yale ambayo mimi sikuelezwa na mtu nilipoondoka hapa Nairobi miaka ile. Nayaandika kwa ajili yenu mlio njiani, na ninyi mlioko huko tayari mnaoiogopa Desemba.

Sisi tumelelewa katika Krismasi ya mlango wazi. Jiji linahama, nauli Machakos Country Bus inapanda, watu wanakwenda ushago, na atakayebaki Umoja au South B anajua kwamba chapati za jirani zikianza kunukia ataitwa, au ataingia tu. Sehemu kubwa ya Ulaya sikukuu hiyohiyo huliwa mlango ukiwa umefungwa. Usidhani umechukiwa. Kwao ni siku ya watu wa nyumba moja, na asiyealikwa hatarajiwi kubisha hodi. Kwa hiyo swali lako la kwanza ni hili: mlango unafungwa siku gani, na siku hiyo wewe utakuwa upande upi?

Hapo ndipo nilipokosea. Mimi nilijua Krismasi ni tarehe 25. Ujerumani jambo lenyewe ni jioni ya tarehe 24: ndipo zawadi zinapofunguliwa, ndipo makanisa yanapojaa, na nyumba nyingi hula chakula chepesi tu, saladi ya viazi na soseji. Maduka hufungwa yapata saa nane mchana. Nilitoka kununua vitu saa kumi, giza linaingia, nikakuta barabara tupu kabisa. Tarehe 25 na 26 zote ni sikukuu za taifa, na mwaka huo tarehe 27 iliangukia Jumapili, siku ambayo maduka huko hayafunguliwi. Siku nne nilikula wali na vitunguu, nikisikia watoto wa ghorofa ya juu wakiimba. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba ndani ya stesheni kubwa za treni kuna maduka ambayo huwa wazi. Basi nunua kila kitu kufikia tarehe 23, dawa zako pia.

Wapolandi nao husherehekea tarehe 24, na kama una mwaliko wa Krismasi kwao, ushike kwa mikono miwili. Wanangoja nyota ya kwanza ionekane. Kabla ya kula, kila mtu hupewa kipande cha mkate mwembamba kama hostia. Unamega cha mwenzako, naye anamega chako, mnatakiana heri, mmoja baada ya mwingine hadi mzunguke wote. Kisha huja vyakula vya desturi, kumi na viwili, vyote bila nyama: samaki, supu ya kiazisukari chekundu, uyoga, kabichi. Usiende na samosa za nyama jioni hiyo. Na mezani huachwa kiti kimoja na sahani yake, kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa. Kijana wetu mmoja anayesoma huko aliniambia kwamba alipokiona kiti kile aliinuka akaenda kulia bafuni. Namwelewa kabisa.

Waswidi pia ni tarehe 24, lakini wao huanza mapema: tarehe 13 Desemba ni siku ya Mtakatifu Lusia, watoto wakivaa kanzu nyeupe na kubeba mishumaa gizani. Wafini huniingia moyoni zaidi. Tarehe 24, saa sita kamili mchana, amani ya Krismasi hutangazwa mjini Turku, na jioni watu huenda makaburini kuwawashia ndugu zao mishumaa juu ya theluji. Kama umefiwa nyumbani na hukuweza kuja kuzika, nenda nao. Washa wako. Hakuna atakayekuuliza kitu.

Uingereza ni tarehe 25, kwa hiyo utajisikia nyumbani kidogo: bata mzinga, taji za karatasi kichwani, hotuba ya Mfalme saa tisa alasiri. Tatizo ni usafiri. Siku hiyo treni karibu zote husimama, na London hakuna mabasi wala treni za chini ya ardhi. Ninyi mnaofanya kazi za kutunza wazee, mkipangiwa zamu ya tarehe 25, ulizeni mapema nani atawapeleka na kuwarudisha. Marekani sikukuu ni siku moja tu. Tarehe 26 wengi wanarudi kazini, na mkusanyiko mkubwa wa familia mara nyingi ni Alhamisi ya nne ya Novemba, siku ya Shukrani. Mlioko Qatar, Imarati au Saudi Arabia, tarehe 25 ni siku ya kazi kama nyingine. Dubai na Doha yapo makanisa, Saudi hakuna, na ruhusa iombwe mapema.

Wenye watoto Uholanzi, nisikilizeni vizuri. Zawadi za watoto huko hutolewa jioni ya tarehe 5 Desemba, kwa heshima ya Mtakatifu Nikolasi. Kwa miaka mingi wasaidizi wake walijipaka rangi nyeusi usoni na kuvaa nywele za bandia za kipilipili. Miji mingi imeacha, sasa hupaka alama za masizi tu, lakini si kila mahali. Mwulize mwalimu mwezi Oktoba shule itafanya nini, na ukiona haifai, sema wazi. Mwanao asiwe wa kwanza kugundua peke yake darasani.

Sasa, mwaliko unapatikanaje? Mficha uchi hazai. Mwishoni mwa Novemba, mkiwa mnakunywa chai kazini, sema bila kujificha: "Krismasi nitakuwa peke yangu." Usingoje wakuone usoni, hawatakuona, wanadhani Wakenya mko pamoja mahali fulani. Mimi nilipothubutu kusema hivyo mwaka wa pili, mama mmoja wa ofisini alijibu palepale kwamba kwao kuna nafasi. Fika saa uliyoambiwa, dakika kwa dakika. Vua viatu mlangoni kama wenyeji wamevua, kwa hiyo vaa soksi zisizo na tundu. Beba kahawa ya Kenya. Sijaona nyumba iliyoikataa. Zawadi utakayopewa ifungue mbele yao, kwani kuiweka kando kwa adabu yetu huonekana kama huijali.

Nyumbani piga simu mapema. Majira ya baridi Nairobi iko mbele ya Berlin kwa saa mbili, mbele ya London kwa saa tatu, mbele ya New York kwa saa nane. Ukisubiri chakula chako kiishe, bibi ameshalala.

Na kama zamu imekula tarehe 24 na 25 zote, kuna tarehe 7 Januari. Wahabeshi, Waserbia na Warusi Waorthodoksi hufuata kalenda ya zamani, na siku hiyo ndiyo Krismasi yao. Nilikuwa na jirani Mhabeshi. Mwaka wangu wa tatu nilifanya kazi sikukuu yote, nikamkuta kwenye ngazi amebeba mifuko ya vitunguu. Aliniuliza kama nimekula Krismasi. Nikamwambia bado. Akanipa mfuko mmoja nibebe, tukapanda. Ndani kulikuwa na watu wapatao ishirini, mchuzi wa kuku mwekundu juu ya injera, kahawa ikikaangwa, watoto wakipita katikati ya miguu ya watu, na mlango wa nje ulikuwa umeegeshwa tu.