Mtafute babu kwa namba, si kwa jina

Kama babu yako alibeba mizigo bandarini Kisumu au alipelekwa Burma na KAR (King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza), usianze na sensa. Ile ya 1948 itakupa idadi ya watu wilayani, si jina lake. Mwombe nyanya akufungulie sanduku la bati: kipande (kitambulisho cha kazi cha enzi ya ukoloni), barua ya kuachishwa jeshi, chochote. Nakili kila namba, hata iliyofifia. Karani aliandika jina alivyosikia, Ochieng' akawa Ociengi, lakini namba ilibaki. Kipande kilitaja na waajiri pia. Ukiwa na namba hizo, ndipo upande matatu kwenda Nyaraka za Kitaifa, Nairobi. Wapagazi wa vita vya 1914 ni kazi ngumu zaidi. Wengi walizikwa bila jina.