Unataka kuanza Pokémon na episodi ziko zaidi ya elfu? Anza hivi

Watu wengi wanaipenda Pokémon, ile katuni ya Kijapani ya viumbe wanaofugwa na kupiganishwa, kwa mbali tu, wanamjua Pikachu, wanamjua Ash yule dogo wa kofia, ila wakitaka kukaa chini waiangalie wanakuta episodi za Ash peke yake zimepita 1,200 basi wanaghairi hapo hapo. Msighairi jamani. Ile katuni haikutengenezwa uimeze yote kwa mpigo kuanzia namba moja, na ukishajua imepangwaje unaweza kuingilia katikati na usipotee kabisa.

Cha kushika ni kwamba katuni inafuata gemu. Gemu za kwanza, Red na Green, zilitoka Japani Februari 27, 1996 kwenye Game Boy, wakazitengeneza Game Freak ya Satoshi Tajiri, halafu katuni ikaanza kurushwa TV Tokyo Aprili 1, 1997. Tangu hapo kila likija kundi jipya la gemu na nchi yake mpya, katuni nayo inahamia huko: Kanto, Johto, Hoenn, Sinnoh, Unova, Kalos, Alola, mpaka Galar. Na mara nyingi Ash akihama anaacha karibu Pokémon wake wote nyumbani anaondoka na Pikachu, anapata marafiki wapya, anaanza upya kutafuta beji kwenye majimu (kumbi za mapambano, ukimshinda bosi wa jimu anakupa beji), mara nyingi nane, mwisho anaingia ligi, yaani mashindano makubwa ya nchi hiyo. Kwa hiyo chukua nchi moja kama sizoni moja inayojitegemea, yaani usihesabu episodi, hesabu nchi.

Anza na Kanto lakini usiimalize yote. Angalia tano za kwanza, halafu ya 10, 11 na 12 ambazo ndo anawapata Bulbasaur, Charmander na Squirtle, halafu ya 21 anapoagana na Butterfree (hiyo usiiruke hata kidogo, watu wazima wamelia pale), kisha nenda moja kwa moja kwenye ligi mwishoni. Huko utaona steringi anatolewa na Ritchie kwa sababu Charizard wake mwenyewe (ni yule Charmander akishakua) amegoma kupigana, anajilalia tu uwanjani, na hapo utaelewa hii katuni sio ya kumpa Ash ushindi wa bure.

Kama unacheza gemu, kuna kitu lazima ukijue mapema la sivyo utakasirika. Episodi ya 5 Ash anapigana na Brock, bosi wa jimu, na Brock ana Onix, Pokémon wa aina ya mwamba na ardhi. Kwenye gemu umeme haumgusi Onix hata kidogo, sifuri kabisa, lakini kwenye katuni umeme wa Pikachu unawasha moto, mitambo ya maji ya kuzimia moto iliyoko darini inafunguka, Onix analowa, akilowa umeme unampata. Halafu wadogo zake Brock wanamkumbatia Ash wanamsihi asimuumize kaka yao, anaacha pambano anaondoka bila beji, Brock anamfuata nje kumpa. Ukiipima kwa sheria za gemu hiyo ni makosa matupu, ila mimi naona ndo episodi inayoonyesha katuni inataka nini, inataka uone moyo wa mtu na sio hesabu. So usijifunze gemu kupitia katuni, kila kimoja kipe heshima yake. Na ukitaka kuona vilivyokutana tafuta gemu ya Yellow ya 1998, hiyo waliitoa kwenye katuni, Pikachu anakufuata nyuma hataki kuingia kwenye mpira wa kubebea Pokémon, hata Jessie na James wa Team Rocket, wale wabaya wa kwenye katuni, wamo.

Baada ya Kanto ruka uende Sinnoh. Najua kuna watakaosema Johto na Hoenn zinaonewa, sawa, rudi huko baadaye, lakini Sinnoh ina Paul na kwangu mimi hakuna mpinzani wa Ash anayemfikia. Paul anaamini Pokémon dhaifu ni wa kutupwa, na kweli katikati ya mashindano ya wawili wawili anamfukuza Chimchar wake kwa kuona hafai, Ash anamchukua. Fuata huyo Chimchar tu, ukikuta episodi yake angalia, nyingine unaweza kuruka, anakua anakuwa Infernape mpaka robo fainali ya ligi Ash na Paul wanakutana, Pokémon sita kwa sita, na anayemaliza kazi ni yuleyule aliyetupwa, anawaka moto mwili mzima anamwangusha Electivire wa Paul. Nusu fainali Ash anakutana na mtu mwenye Darkrai na Latios, Pokémon adimu wenye nguvu sana, anatolewa, inauma sana.

Kalos ni kwa wanaopenda mapigano yaliyochorwa vizuri, Greninja wa Ash yuko huko, na fainali anaipoteza kwa Alain. Alola michoro imebadilika na ina vichekesho vingi, wengine inawashinda mwanzoni, vumilia, kwa sababu huko 2019 ndo Ash anabeba ligi. Halafu Journeys, sizoni ya Galar, ambayo 2022 anamfunga Leon anakuwa bingwa wa dunia, hiyo iache mwisho maana bila kuona alivyopigwa huko nyuma haitakugusa.

Majina yasikuchanganye, kwenye toleo la Kijapani Ash anaitwa Satoshi, jina la Tajiri mwenyewe, na mpinzani wake Gary anaitwa Shigeru. Sauti ya Pikachu ni ya Ikue Otani, Kijapani na Kiingereza ni yeye.

Kama ni kwa ajili ya watoto, wawashie Horizons, ilianza Aprili 2023 na haina Ash, inawafuata Liko na Roy, mtoto hahitaji kujua chochote cha nyuma. Waangalie taa ikiwa inawaka na wakae mbali kidogo na skrini. Hilo msilichukulie poa, Desemba 16, 1997 episodi ya Pokémon anayeitwa Porygon ilimulika mwanga mwekundu na wa bluu kwa kasi, watu zaidi ya 600 huko Japani wakapelekwa hospitali wengi wao watoto, katuni ikasimama miezi minne na episodi ile haijarudiwa tena.

Na kama muda huna kabisa, tafuta Origins ya 2013, ni episodi nne tu, inamfuata Red wa kwenye gemu na sio Ash, wikiendi moja unaimaliza.