Kisafisha hewa cha boksi na filta za gari

Nakaa Kirumba, na jioni moshi wa majirani wanaobanika samaki huingia ndani kama mgeni aliyezoea. Visafisha hewa vya dukani vilinishinda bei. Kwa kuwa kazi yangu ni ufundi feni, nikaiga boksi la feni na filta walilobuni Richard Corsi na Jim Rosenthal huko Marekani mwaka 2020, ila kwa vitu vya hapa hapa Mwanza.

Tafuta feni ya mraba, boksi gumu la kadibodi lenye mdomo unaolingana nayo, solotepu pana, na filta nane za AC ya gari za saizi moja. Mimi nilichukua za Toyota IST, zile zinazokaa nyuma ya droo ya dashibodi. Omba zilizoandikwa PM2.5, yaani za kushika chembe ndogo sana; zile nyepesi zinashika vumbi, moshi unapita.

Hatua ya 1. Kila ubavu wa boksi kata madirisha mawili, moja juu ya jingine, madogo kuliko filta kwa sentimita moja kila upande.

Hatua ya 2. Bandika filta kwa nje. Mshale ulio ubavuni mwa filta uelekee ndani ya boksi.

Hatua ya 3. Laza feni juu ya mdomo, uso ukitazama dari, ili ivute hewa kupitia filta na kuitupa juu. Zima wavu unaozunguka. Kisha funika kona nne za feni kwa kadibodi, ubakize duara la mapanga tu, la sivyo hewa inarudi ndani kupitia konani.

Usipunguze idadi ya filta. Boksi langu la kwanza lilikuwa na moja tu. Feni ilikosa hewa, na baada ya nusu saa nikasikia harufu ya waya unaoungua.

Hatua ya 4, ambayo wengi wanairuka: washa feni, washa udi, pitisha moshi wake taratibu kwenye kila kiungio. Ukiona uzi wa moshi unakatika na kunyonywa penye tepu, hapo panavuja. Ziba, rudia. Mimi nilikuta mianya sita, mmoja mpana kama kucha.

Kumbuka filta haishiki gesi ya mkaa. Jiko libaki nje hata feni ya boksi ikiwa imewashwa.

Wadudu wa ziwani wakija kwa makundi, zungushia kipande cha chandarua chakavu na ukikung'ute asubuhi. Filta zenyewe usizioshe. Zikiwa nyeusi, nunua nyingine.