Namna ya kuchambua uchumi wa nchi ndogo unaohamia soko huria: mfano wa Estonia

Anayetaka kuelewa jinsi nchi ndogo inavyotoka katika uchumi wa mipango, yaani unaoendeshwa na serikali, na kuingia soko huria asianze na takwimu za pato la taifa, kwa sababu katika miaka ya mwanzo karibu kila nchi ya aina hiyo huonekana inazama. Estonia, iliyorejesha uhuru wake kutoka Umoja wa Kisovyeti mwezi Agosti 1991 ikiwa na watu wapatao milioni 1.5, inafaa kujifunzia, kwani hatua zake zilifuatana kwa karibu na zinaweza kukaguliwa moja baada ya nyingine.

Anza na sarafu: ilitolewa lini, kwa kiwango gani, na ina dhamana gani. Tarehe 20 Juni 1992 kila mkazi aliruhusiwa kubadilisha rubli 1,500 taslimu, kwa kiwango cha rubli 10 kwa kruni 1, sarafu mpya ya Estonia, akapata kruni 150. Kwa kuwa kruni 8 zilikuwa sawa na marki 1 ya Ujerumani, fedha hizo hazikufikia marki 19. Piga hesabu za namna hii mwenyewe, maana ndizo zinazoonyesha familia ilianza na kiasi gani mfukoni.

Kisha uliza ni nani anayeruhusiwa kuchapisha noti. Sheria ya Estonia iliitaka benki kuu isitoe kruni yoyote isiyokuwa na dhahabu au fedha za kigeni za kuidhamini, na sehemu ya dhamana hiyo ilikuwa takriban tani 11 za dhahabu iliyokuwa imehifadhiwa nje tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Utaratibu huu si mgeni kwetu: Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilifanya kazi kwa namna inayofanana na hiyo, shilingi 20 kwa pauni moja, hadi benki kuu za Tanzania, Kenya na Uganda zilipochukua nafasi yake mwaka 1966. Faida yake ni imani ya wananchi kwa sarafu. Gharama yake ni kwamba serikali haiwezi kukopa benki kuu hata mambo yanapokuwa magumu.

Sasa angalia bei. Mfumuko wa bei ulizidi asilimia 1,000 mwaka 1992, ukashuka chini ya asilimia 100 mwaka uliofuata. Usiishie kwenye kushuka huko, bali jiulize ni nani aliyekuwa na akiba kabla bei hazijapanda. Jibu ni wazee, ambao walioweka rubli zao benki kwa miaka mingi waliona thamani yake ikiyeyuka.

Benki zenyewe zichunguzwe kwa makini, kwa kuwa hapo ndipo msimamo wa serikali hupimwa. Mwishoni mwa 1992 benki kubwa kadhaa zilikwama, nyingine kwa sababu fedha zao zilizuiwa Moscow, na Benki ya Biashara ya Tartu ikafungwa bila serikali kuiokoa. Kwa maoni yangu uamuzi huo uliwafundisha wenye mabenki nidhamu, ingawa wateja waliopoteza fedha zao hawakuwa na kosa lolote.

Kuhusu biashara ya nje, linganisha masoko kabla na baada. Bidhaa zilizokuwa zikienda karibu zote katika jamhuri za Kisovyeti zilielekezwa Ufini na Uswidi, na ushuru wa forodha ulipunguzwa kiasi kwamba Estonia ililazimika kuuongeza ilipojiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2004. Kodi ya mapato ya kiwango kimoja, asilimia 26, ilianza mwaka 1994, wakati ubinafsishaji wa viwanda vikubwa kwa zabuni ulikuwa umeshaanza.

Mwisho, usibaki Tallinn, mji mkuu. Nenda kwenye takwimu za mikoa, hasa Ida-Viru mpakani na Urusi, ambako kiwanda cha nguo cha Kreenholm mjini Narva kiliwahi kuajiri maelfu ya watu, kikafilisika mwaka 2010. Mwaka uliofuata nchi ilianza kutumia yuro, kwa kruni 15.6466 kwa yuro moja, kiwango kinacholingana kabisa na zile kruni 8 kwa marki za mwaka 1992, ukizingatia kiwango ambacho marki yenyewe ilibadilishwa kuwa yuro. Takwimu hizi mbili, ya sarafu iliyosimama imara na ya ajira zilizopotea Narva, ziandikwe katika ukurasa mmoja wa uchambuzi wako.